Tundika Gunia Tupu Kwanza

Ukihudhuria mazishi mengi ya Gusii kama ninavyohudhuria mimi, utaamini kwamba Kisii na Nyamira hakujawahi kufa mwizi. Kila marehemu alikuwa mwadilifu, mpenda amani, nguzo ya kanisa na mlezi wa mayatima. Kipaza sauti kinapokezanwa kuanzia saa nne asubuhi, wasomaji wa wasifu wanashindana kusifu, na jua likifika utosini unabaki kujiuliza: ikiwa hawa wote walikuwa waaminifu namna hii, zile pesa za vyama vya ushirika vya kahawa zilikwenda na nani? Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kusahihisha, na nikiketi chini ya hema hizo huwa natega sikio nisikie kitu kimoja: jambo dogo, la kawaida, ambalo marehemu alilifanya kila mara mbele za watu hata lilipomtia hasara. Likitajwa, naliweka moyoni. Lisipotajwa, nasubiri chakula.

Baba yangu alikuwa na jambo lake, na jambo lenyewe lilihusu gunia.

Tulikuwa na chai kidogo upande wa Nyamira, isiyofika ekari mbili, kama jirani zetu wengi. Chai haina subira. Ukishachuma majani mawili na kichipukizi chake, lazima yafike kituoni siku hiyohiyo, yapimwe na kupakiwa kwenye lori la kiwanda kabla hayajaharibika. Mkulima anayefika kituoni alasiri, mgongo unamuuma na kikapu kimejaa, hana ubavu wa kubishana na mtu. Majani yakikataliwa atayapeleka wapi? Hayaliwi, wala hayalali. Makarani wa mizani walilijua hilo vizuri sana.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na mizani za kielektroniki zilikuwa hazijafika kwetu. Tulipimiwa majani yakiwa ndani ya gunia, kwa mizani ya saa inayoning'inia kwenye boriti, na mshale wake ulitetemeka kama mkono wa mlevi kabla haujatulia. Karani hakuungoja utulie. Alitaja kilo, akaandika, akakata kilo moja "ya gunia," na majani yakamwagwa. Hapo kwenye kilo ya gunia ndipo palipokuwa na mwiba. Gunia tupu la nailoni halifiki hata nusu kilo. Likilowa umande linaongezeka kidogo, lakini kilo nzima hulipati hata ulichovye mtoni. Sasa chukua mabaki hayo ya kila gunia, uyazidishe kwa wakulima wote wa kituo, kwa siku zote za kuuza, kwa mwaka mzima. Utapata majani mengi yaliyochumwa kwa mikono ya watu, yakasafirishwa, yakasindikwa kiwandani, yakauzwa kwenye mnada wa Mombasa, na hayana mwenyewe. Bila shaka yalikuwa na mwenyewe. Kituo kizima kilimjua, au kilidhani kinamjua, na ndiyo maana hakuna aliyefungua mdomo.

Baba alifika mbele ya mizani siku moja, akachomoa gunia tupu kwapani, akasema, "Karani, mwanangu, tundika hili kwanza."

Karani alicheka. Watu nao wakacheka. Baba hakucheka wala hakununa, alisimama tu, foleni ikirefuka nyuma yake na dereva wa lori akipiga honi. Mwishowe karani akalitundika ili mambo yaishe. Mshale ulisogea unywele. "Soma," Baba akasema. Karani hakuwa na la kusoma.

Lingekuwa jambo la siku hiyo tu, lingebaki kisa cha kuchekesha watu kilabuni. Lakini Baba alifanya hivyo siku iliyofuata ya kuuza, na iliyofuata hiyo, na misimu ikapita. Hakutoa hotuba. Hakuunda kamati. Hakumtaja mtu kwa jina, na hata nyumbani, tulipomchokoza aseme nani anakula kilo zetu, alitujibu kwamba yeye anajua uzito wa gunia, hajui mioyo ya watu. Majirani walimkasirikia kwa kuwachelewesha. Vijana wakampachika jina la Gunia Tupu, jina likamshika hadi uzeeni, na sisi watoto wake tukaitwa wana wa Gunia. Shuleni hilo halikuwa jambo la kujivunia.

Baadaye mjane mmoja wa ng'ambo ya mto akaja naye na gunia lake kwapani. Kisha kina mama wengine wawili watatu. Wanaume walichelewa kidogo, nadhani kwa sababu walikuwa wameshacheka kwa sauti kubwa mno.

Lakini jambo lililonifunza zaidi halikutokea kituoni. Jioni moja karani yuleyule alikuja kwetu giza likishaingia. Mama akamwandalia obokima, ugali wetu, na mboga za chinsaga, akanawa, akala, na baada ya kula akamwambia Baba jambo ambalo sikulitarajia. "Mzee," alisema, "tafadhali usiache." Akaeleza kwamba kuna mkubwa aliyekuwa akimtaka amtafutie kilo kila juma, na yeye alikuwa kibarua tu, akikataa anafutwa. "Zamani sikuwa na la kumjibu. Siku hizi namwambia: yule mzee wa gunia anasimama palepale, watu wote wanatazama mshale, hizo kilo nitazitoa wapi? Ananielewa."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka mingi. Tunafundishwa, kanisani na kwenye semina za uongozi, kwamba mtu mwadilifu huwavuta wenzake kwa uzuri wa tabia yake, wakamtazama wakatamani kufanana naye. Mimi kwa Baba sikuliona hilo. Hakuna aliyetamani kufanana na Baba. Alikuwa mkavu, mgumu wa mkono, na alichelewesha lori. Alichowapa watu ni kisingizio. Karani yule alitaka kutenda haki kabla Baba hajaleta gunia, ila hakuwa na sababu ya kumpa mkubwa wake. Mtu mnyonge mwenye dhamiri yuko kila ofisi na kila kituo, na mara nyingi anachongoja ni ukaidi wa mtu mwingine ili ajifiche nyuma yake atende lililo sawa. Ajabu ni kwamba tunawaita watu wa namna ya Baba wagumu, watu wasiopindika, kana kwamba hiyo ni kasoro. Angekuwa anapindika siku nyingine, karani angemwambia nini bosi wake?

Kwa hiyo kinachotakiwa zaidi ya wema ni kujulikana mapema. Watu wajue kabisa kwamba hapa fulani hapiti, wapange mambo yao kwa kuzingatia hilo.

Mfano mkubwa wa jambo hili umetoka Bonyamatuta, Nyamira hiihii. David Maraga alizaliwa huko Januari 1951, akasoma Maranda na Kisii School, akafanya kazi ya uwakili Nakuru kwa miaka mingi, akawa jaji wa Mahakama Kuu 2003 na Mahakama ya Rufaa 2012. Majaji walipokuwa wakipigwa msasa baada ya Katiba mpya, alishika Biblia akaapa kwamba hajawahi kupokea rushwa. Kuapa ni rahisi, nimeona wengi wakiapa. Mimi jambo lililonigusa ni lile la Jumamosi, siku anayoishika kama Msabato. Mwaka 2016, alipohojiwa kwa wadhifa wa Jaji Mkuu, aliulizwa kesi ya uchaguzi wa rais ikiangukia siku ya Sabato itakuwaje, maana Katiba inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu za kuamua. Mtu mwenye tamaa ya cheo angesema nchi kwanza, dini baadaye. Yeye alisema kuketi mahakamani Jumamosi kungekuwa vigumu sana kwake, na kwamba angezungumza na wenzake wampangie njia nyingine. Alisema hayo kabla hajapewa kazi. Wakampa kazi wakiyajua.

Mwaka haukuisha kabla swali lile halijawa kesi kweli. Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Agosti 2017, ombi la kupinga matokeo likawasilishwa tarehe 18, siku zikaanza kuhesabiwa. Jumamosi ya tarehe 26 majaji, mawakili na waandishi wa habari walingoja hadi jua lizame, kikao cha matayarisho kikaanza jioni. Wakubwa wa nchi na wanasheria wa bei ghali walipanga saa zao kwa kufuata jua la Sabato la mtu mmoja. Baba, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, alisikiliza habari hizo kwenye Egesa FM akapiga goti lake kwa kiganja. Hukumu ilipotolewa Ijumaa ya tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili wakifuta uchaguzi wa rais kwa mara ya kwanza barani Afrika, kijiji chetu kiligawanyika, kwa sababu kura zake ziligawanyika. Baba hakujali nani ameshinda. Alichotaka kukisimulia ni kwamba waliwasha taa za mahakama baada ya jua kuzama.

Zamani nilidhani hayo ni mawazo ya mzee wa kanisa tu. Siku hizi naona kuna uhusiano kati ya taa zile na yaliyofuata. Rais aliyefutiwa ushindi aliwaita majaji wale wakora mbele ya umati. Tarehe 24 Oktoba dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi, na kesho yake, mahakama ilipotakiwa kusikiliza ombi la kusimamisha uchaguzi wa marudio, majaji waliojitokeza walikuwa wawili, Maraga na Isaac Lenaola. Akidi haikutimia, kesi ikafa. Hata hivyo, mtu aliyeshindikana kuhamishwa kwenye Jumamosi yake hawezi kutarajiwa kuhamishwa kwenye kiti chake siku ya hatari. Waliompigia simu, kama walimpigia, walijua watajibiwa nini. Mambo madogo tunayokataa waziwazi ndiyo yanayowafundisha wakubwa wasitujaribu kwa makubwa.

Sisemi mfano hushinda kila mara. Septemba 2020 Maraga alimshauri rais alivunje Bunge kwa kushindwa kupitisha sheria ya thuluthi mbili ya jinsia, kama Katiba inavyoagiza. Bunge halikuvunjwa. Na alipotangaza 2025 kwamba atawania urais, nilisikia ubishi mkali stejini, mmoja akiuliza mtu asiyeshika kazi Jumamosi ataendeshaje kampeni Kenya hii, mwingine akamjibu kwamba angalau Katiba imeweka uchaguzi Jumanne.

Niseme pia kuhusu gharama, maana mazishini haitajwi kamwe. Baba alikuwa na kanuni ya pili: deni la mchumaji lisivuke jua la Ijumaa. Wale vijana na kina mama waliotuchumia majani kwa kilo walilipwa kabla Sabato haijaingia, iwe kiwanda kimelipa au hakijalipa. Ni kanuni nzuri sana kuisikia. Lakini pesa zilikuwa zinatoka wapi? Zilitoka kwa Mama. Alhamisi alianza kuzunguka, mara kauza kuku, mara kakopa kwenye chama, mara kaenda kwa kaka yake Nyabururu kurudi na noti zilizofungwa kwenye leso. Baba alilipa, Baba akasifiwa. Karo yetu ikachelewa. "Baba watoto," Mama alimwambia siku moja nikisikia, "haki yako ni tamu, lakini mimi ndiye ninayeikoroga." Baba alinyamaza kabisa, na tangu hapo alianza kuuliza Jumatano kama pesa ipo. Wanaume wengi wenye msimamo waliosifiwa katika nchi hii walikuwa na mtu nyuma aliyeukopea msimamo huo.

Mama mwenyewe hakuwa mtu wa kanuni, au ndivyo tulivyodhani. Alizaliwa Mkatoliki, akaolewa kwa Wasabato, na alivaa imani zote mbili bila kujibana. Shujaa wake alikuwa Maurice Otunga, askofu wa kwanza wa Kisii, aliyekuja mwaka 1960 na kuondoka 1969, akawa baadaye kardinali. Otunga alikuwa mwana wa chifu huko Bungoma na alikataa kurithi uchifu ili awe padri. Mama hakumsifu kwa sala zake. Alimsifu kwa sababu, alivyosema, mtu aliyekikataa kiti cha baba yake huwezi kumtisha kwa kiti kingine chochote.

Lakini hapa, kama mwalimu, sina budi kutaja upande wa pili wa mizani. Mwaka 2016 waziri wa elimu alikuwa Fred Matiang'i, naye mtoto wa Nyamira, kutoka Borabu. Mwaka uliotangulia mitihani ilikuwa imevuja hadi ikawa dukani, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakafutwa. Matiang'i hakuhubiri uadilifu. Alileta makontena ya kuhifadhia mitihani, na makufuli, akawafanya walimu wakuu wakachukue karatasi wenyewe alfajiri na wawajibike wao binafsi. Alama za A zilishuka nchini kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141. Nilikuwa nasimamia mtihani mwaka huo na nakiri kwamba kufuli lilifanya kwa msimu mmoja kazi ambayo walimu waaminifu, nao walikuwepo, hawakuifanya kwa miaka kumi. Mtu akiniambia mfano mwema unatosha, namwonyesha kontena.

Sasa ona upande mwingine. Machi 2018 waziri huyohuyo, akiwa amehamia Usalama wa Ndani, alitozwa na Mahakama Kuu faini ya shilingi 200,000 kwa kudharau amri katika kesi ya mwanasiasa Miguna Miguna. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza darasani, bila kejeli yoyote, kama sheria za mtihani ni za watahiniwa peke yao. Sikumjibu vizuri. Kufuli huwalinda watu dhidi ya wizi mradi mwenye ufunguo yuko, na mwenye ufunguo naye anatazamwa.

Kuna pia mfano mwema ulio juu mno hadi haushikiki. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mtawa Mfransisko na mtoto wa Gusii aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia Keriko, upande wa Njoro, alipewa Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Tulisherehekea chumba cha walimu. Kisha ikasomwa kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wasiojiweza, na sherehe ikapoa ghafla. "Hana watoto," mmoja wetu alisema, na wote tukapumua. Asilimia 80 ilikuwa imetupa kisingizio cha kubaki tulivyo. Kumbe kulikuwa na jambo jingine katika habari hiyohiyo: Tabichi alikuwa akienda nyumbani kwa wanafunzi waliokaribia kuacha shule akizungumza na wazazi. Hilo halihitaji mtu awe mtawa. Mwenzangu mmoja, mama mwenye watoto wanne, alianza kulifanya Jumapili alasiri bila kumwambia mtu, na baadaye wasichana wawili waliokuwa wameozwa kimyakimya walirudi darasani. Mtu yeyote anaweza kubeba gunia tupu. Ndiyo sababu lilienea.

Nimeliacha jambo gumu hadi sasa kwa sababu halinipendezi kulisema. Mei 2008 watu 11, wengi wao vikongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto Kisii wakituhumiwa uchawi. Oktoba 2021, Marani, akina mama wazee wanne wakauawa vivyo hivyo. Hizo ndizo habari zilizoandikwa magazetini. Ninapozikumbuka, swali langu haliwahusu wauaji. Nawafikiria wazee wa kanisa waliokuwa ndani ya nyumba zao jirani na moto huo, watu wasioiba, wasionywa, wanaolipa zaka. Uadilifu wao ulikuwa wa sebuleni. Haukuwa na mahali pa kusimama hadharani ambapo kijana angeweza kuukuta njiani na kushindwa kuupita.

Baada ya mauaji ya 2008 tetesi zilifika kwetu pia. Kijana wa bodaboda alifariki ghafla, na jina la bibi mmoja likaanza kunong'onwa. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, mwenye kipande cha shamba kando ya barabara. Mara nyingi ukiufuata uvumi wa omorogi, yaani mchawi, hadi mwisho, unafika kwenye kigingi cha mpaka. Watu waliacha kumsalimu. Kina mama wakamruka kwenye egesangio, ile zamu yao ya kulimiana mashamba, zamu yake ikifika wote wana mgonjwa nyumbani.

Baba aliombea jambo hilo kanisani, kwa maneno ya jumla. Mama alichukua kikombe chake mwenyewe, akavuka njia mchana kweupe wakati vijana wamekaa kwenye kona yao, akaenda kunywa uji kwa yule bibi. Asiyekulia Gusii huenda asielewe uzito wa uji huo. Mchawi anaogopwa kwa chakula. Kula kwake ni kuutangazia mtaa kwamba hayo wanayoyasema wewe huyajui. Mama alikaa nje, kwenye kigoda, uso umeelekea barabarani. Akarudi tena juma lililofuata. Na tena. Akaenda na majembe mawili siku ya zamu iliyorukwa, wakalima wawili, polepole, hadi mke wa shemeji yangu akaona aibu akaingia shambani. Wengine walimfuata kwa sababu zilezile za karani: walitaka kwenda tangu mwanzo, na sasa walikuwa na la kuwajibu waume zao. "Mke wa Gunia yuko pale, nami nitamwachaje?"

Nilipomuuliza baadaye alikuwa na hesabu gani, alinifafanulia kama mtu anayeeleza bei ya mahindi. Wale vijana wa kona, alisema, kila mmoja ana mama. Na kwetu, hata chinsoni, yaani adabu zetu za heshima, zikichakaa namna gani, hata bangi iwe imewapanda kichwani, kijana hawezi kuchoma nyumba ambayo mama yake amekaa mlangoni anakunywa uji. Kwa hiyo kazi ilikuwa ni kuwaleta mama mmoja mmoja, kila mama na mtoto wake. Alikuwa anawahesabu. Ile kona ilikuwa na vijana wanane na yeye alishawapata mama sita kabla mvua za masika hazijaanza.

Bibi yule alifariki kitandani kwake miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa wa kawaida wa uzee.

Kuna swali nililokuwa nimelibeba tangu siku ile ya kikombe, na nilimuuliza Mama tukiwa wawili tunamenya ndizi. "Mama, wewe kwani huamini kwamba wachawi wapo?"

"Naamini," akasema. "Bibi yako alirogwa."

"Sasa hukuogopa uji wake?"

"Niliogopa sana, mwanangu. Ndiyo maana nilikuwa nakula nyumbani kwanza nishibe, nikifika pale nakunywa kidogo kidogo. Na kikombe kilikuwa changu."